Kinachochelewesha uundaji wa modeli kutoka hifadhidata kubwa

MODELI ya data ni mchoro wa muundo wa hifadhidata: majedwali yaliyomo, safu za kila jedwali na funguo zinazoliunganisha na mengine. Uchoraji wa aina hiyo ulienezwa na makala ya Peter Chen ya mwaka 1976, miaka sita baada ya Edgar Codd wa IBM kupendekeza data ipangwe kwa majedwali. Siku hizi ni nadra kuchora kwa mkono. Programu huisoma hifadhidata na kuunda modeli yenyewe.

Kazi hiyo yaweza kuchukua sekunde chache au saa nzima. Wengi hudhani chanzo ni wingi wa rekodi, wakakimbilia kununua diski mpya. Sivyo. Kwa kawaida programu haigusi rekodi. Husoma katalogi, yaani orodha ambamo hifadhidata hutunza maelezo ya majedwali yake. Jedwali moja lenye rekodi milioni 100 huisumbua kidogo kuliko majedwali 5,000 matupu.

Tuseme programu huuliza maswali manne kuhusu kila jedwali. Majedwali 5,000 yatazaa maswali 20,000. Ikiwa seva imo jengoni na kila jibu hurejea kwa sekunde 0.001, kazi itakamilika kwa sekunde 20. Seva ikiwa ng'ambo, na kila jibu likachukua sekunde 0.15, kazi iyo hiyo itadumu dakika 50. Programu iliyotungwa vyema huuliza mara chache, kuhusu majedwali yote kwa pamoja.

Hifadhidata nayo huchangia. MySQL ya zamani iliweka muundo wa kila jedwali katika faili ya pekee, na ilipoulizwa ililazimika kuzifungua moja moja. Toleo la 8.0, lililotoka mwaka 2018, lilizifuta faili hizo na kukusanya maelezo mahali pamoja.

Aliye na toleo kuukuu anaweza kunakili muundo pekee, bila rekodi, na kuundia modeli kwenye kompyuta yake. Tena achague majedwali anayoyahitaji, kwani mchoro wa majedwali 5,000 haumfai msomaji yeyote.

Linaloudhi zaidi ni kungoja kutwa kisha kupata mchoro usio na mstari hata mmoja wa uhusiano. Majedwali ya aina ya MyISAM, yaliyotumiwa mno katika MySQL ya awali, hayatunzi funguo za kuunganisha. Uhusiano wake umo katika programu zinazoyatumia na vichwani mwa waliozitunga, ambao huenda walishaacha kazi.