Kiti Kimoja cha Likoni: Historia Fupi ya Chama cha Shirikisho

Katika uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Desemba 1997 viliwaniwa viti 210 vya bunge la Kenya. Kimoja tu kilikwenda kwa chama cha Shirikisho, nacho ni cha Likoni, kilichotwaliwa na Suleiman Rashid Shakombo. Katika hesabu za Nairobi hicho kilikuwa kiti cha kujazia jedwali. Kwa Pwani kilikuwa na uzito mwingine: tangu vyama vingi virudi, hakuna eneo la ubunge la Pwani lililokuwa limemchagua mtu wa chama kilichozaliwa papa hapa.

Dai la chama lilikuwa utawala wa majimbo, na halikuanza nacho. Ronald Ngala alilibeba akiwa kiongozi wa KADU, chama kilichoundwa 1960. Katiba ya uhuru ikalikubali, majimbo yakapata mabaraza yao, naye Ngala akaongoza la Pwani. Uhai wa mabaraza hayo ulikuwa mfupi. Novemba 1964 KADU ilijivunja na kuingia KANU, chama tawala, na mamlaka yote yakarudi Nairobi. Shirikisho kiliokota dai hilo miaka zaidi ya 30 baadaye, wakati wengi walidhani limezikwa.

Kwa nini Likoni ndiyo iliyoitika? Mombasa bara ina sehemu tatu, na kila moja ina njia yake ya kufika kisiwani. Changamwe hupitia Makupa. Kisauni ilikuwa na daraja la kuelea tangu 1931, na 1980 ikapata daraja la Nyali. Likoni iliachiwa feri. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakafa, wengi wao wakiwa katika safari ya kawaida kabisa ya kwenda kazini. Mji uliozika watu kwa sababu ya kuvuka maji yaliyo mbele ya macho yao una haki ya kuuliza nani anaamua daraja lijengwe wapi.

Ardhi nayo ilikuwa jeraha la zamani zaidi. Likoni na Kisauni zimejaa watu waliojenga nyumba juu ya kiwanja cha mwingine: kuta ni zako, udongo si wako, na mwenye shamba huenda hujawahi kumwona. Shamba la Waitiki pale Likoni, ekari 930, liligombaniwa na maskwota kwa miaka mingi.

Haiwezekani kuukumbuka mwaka 1997 kwa ushindi wa Desemba peke yake. Usiku wa tarehe 13 Agosti wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua polisi, wakachukua silaha. Ghasia zilizofuata ziliua watu zaidi ya 100 na kuwatoa makwao wapatao 100,000, hasa majirani waliotoka bara ya Kenya. Machozi hayo yalilitia doa dai la majimbo. Mkenya wa mbali aliposikia majimbo, alisikia kufukuzwa. Hasara hiyo naihesabu kuwa kubwa kuliko kura zozote ambazo chama kilikosa, kwa maana mwalimu wa Kisumu na kuli wa Kwale wanaoishi Likoni wanangoja feri ile ile.

Wimbi la muungano wa NARC katika uchaguzi wa 2002 lilikisomba chama kutoka Mombasa. Shakombo alirudi bungeni kwa tiketi ya NARC, na kiti pekee cha Shirikisho kikawa Magarini, kwa Harrison Garama Kombe. Kuanzia hapo nguvu ya chama ilipungua. Dai lenyewe ndilo lililoendelea kukua, hadi katiba ya tarehe 27 Agosti 2010 ikaleta ugatuzi na kaunti 47. Kaunti si jimbo la Ngala, lakini 2013 Mombasa ilimchagua gavana wake wa kwanza, Hassan Joho, aliyekuwa mbunge wa Kisauni. Siwezi kusema Shirikisho ndicho kilicholeta ugatuzi. Nasema kilisimama hadharani na dai hilo wakati kulisimamia kulikuwa na gharama, na Likoni ikakipa kura.

Mengi yamesogea. Januari 2016 maskwota wa Waitiki walianza kupewa hatimiliki. Barabara ya Dongo Kundu inamwezesha mwenye gari kutoka Miritini hadi upande wa kusini bila kugusa feri. Lakini wa miguu bado yuko foleni, na daraja la kuelea la Liwatoni, lililofunguliwa mwanzoni mwa 2021, halikudumu. Na maamuzi ya mbali hayakuishia kwenye feri: mwaka 2019 agizo la kupakia mizigo ya bandari kwenye reli ya SGR liliwanyima kazi madereva na mawakala wa Changamwe, na uamuzi huo haukutolewa Mombasa. Ulibadilishwa Septemba 2022, kwa tangazo la rais mpya.

Tumaini ambalo Shirikisho kililiacha bila kulitimiza limeandikwa wazi katika Jedwali la Nne la katiba, linaloorodhesha feri na bandari miongoni mwa kazi za kaunti, isipokuwa usimamizi wa usafiri wa meli wa kitaifa na kimataifa. Hata hivyo feri ya Likoni iko mikononi mwa shirika la serikali kuu. Anayetaka kura ya Likoni, awe wa chama gani, aanze kwa kueleza lini kifungu hicho kitatekelezwa.