Kilwa Haikuangushwa na Mizinga Peke Yake

Barabara ya Kilwa sisi wa Temeke twaipita kila siku, lakini ni wachache wanaoukumbuka mji ulioipa jina. Naandika haya hasa kwa wadogo zetu walio madarasani.

Kilwa Kisiwani ilitajirika kwa dhahabu ya Sofala. Mwaka 1502 Vasco da Gama alimtisha mtawala wake, Amiri Ibrahim, akamtoza kodi ya dhahabu. Tarehe 24 Julai 1505 Francisco de Almeida aliteremsha askari wake. Amiri alikimbia. Mapigano yalikuwa madogo, na siku hiyo hiyo mji ukatekwa na kuporwa.

Kwa nini upesi hivyo? Wengi hujibu: mizinga. Hiyo ni nusu ya jibu. Ibrahim hakuwa wa ukoo wa masultani. Alikuwa amejitwalia madaraka, na wakubwa wa mji walikuwa wamegawanyika. Ndiyo maana Mreno alimpata mara moja mtu wa kumtawaza, Muhammad Ankoni, tajiri wa mjini humo humo. Mwaka uliofuata naye akauawa.

Mwaka 1512 Wareno waliihama ngome yao ya Kilwa. Lakini Sofala walikuwa wameishika tangu 1505, na Kilwa haikuurudia ukubwa wake.

Sisi watumishi wa umma, nanyi mtakaotufuata, tujiulize: adui akibisha hodi, ndani ya nyumba kuna wangapi walio tayari kumfungulia mlango?