Nyumba ya familia na madeni: Mambo ya kufahamu kabla ya kuomba kutamkwa umefilisika

Mwananchi aliyeelemewa na madeni anaweza kuiomba Mahakama Kuu imtamke kuwa amefilisika, lakini tamko hilo haliiondoi nyumba yake katika rehani. Sheria za Tanzania zimeweka kinga kadhaa za nyumba inayokaliwa na familia, na karibu zote hufanya kazi kabla mtu hajafika katika hatua ya kufilisika. Wakazi wa Shinyanga na Geita, ambako fedha nyingi za uchimbaji mdogo hupatikana kwa mkopo, wanahitaji kuzifahamu kinga hizo na mpangilio wake.

Katika maeneo kama Nyarugusu, Mgusu, Katoro na Mwakitolyo, mwenye duara hutumia fedha kwa miezi mingi kabla ya kuona gramu ya kwanza. Matimba, pampu ya kutoa maji, kompresa, mafuta na chakula cha wachimbaji vyote hulipwa mapema. Mwamba usipotoa dhahabu, deni halisubiri. Mara nyingi mali pekee iliyo juu ya ardhi yenye thamani ya kumtosheleza mkopeshaji ni nyumba, na humo ndimo wanamoishi mke, watoto na pengine wazazi.

Jambo la kwanza la kutenganisha ni deni lenye dhamana na deni lisilo na dhamana. Iwapo nyumba haijawekwa rehani, na mdai ameshinda kesi, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, hairuhusu kukamatwa na kuuzwa kwa nyumba, au sehemu ya nyumba, inayokaliwa na mdaiwa, mke wake na watoto wanaomtegemea kama makazi. Kinga hii haifahamiki vya kutosha. Mdaiwa anapaswa kuiibua mwenyewe mbele ya mahakama inayokazia hukumu na kuthibitisha kwamba familia inaishi humo. Dalali wa mahakama halazimiki kumkumbusha. Nyumba ya kupangisha, fremu za biashara au kiwanja kitupu havimo katika kinga hiyo.

Nyumba ikiwa imewekwa rehani kwa hiari, hali hubadilika. Mwenye nyumba ameshampa mkopeshaji haki juu ya nyumba yenyewe, na haki hiyo haifutwi na kufilisika. Mkopeshaji mwenye dhamana anaweza kuiuza nyumba na kujilipa, huku wadai wengine wakisubiri mgawo wa kilichosalia.

Kwa sababu hiyo, Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, si kimbilio ambalo wengi hulidhania. Mahakama ikitoa amri, mali za mdaiwa huwekwa chini ya Mpokezi Rasmi, jukumu ambalo hapa nchini limo katika Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA). Wananchi wengi huijua RITA kwa vyeti vya kuzaliwa na kusahau kwamba herufi ya pili ya ufilisi imo katika majukumu yake tangu wakala huo uanze kazi mwaka 2006. Mali zinazobaki mikononi mwa mufilisi ni chache: zana za kazi yake, pamoja na mavazi na matandiko ya lazima ya familia, tena kwa kiwango chenye ukomo. Nyumba haitajwi katika orodha hiyo. Mtu mwenye nyumba isiyo na rehani, ambaye angeweza kutetea makazi yake katika ukaziaji wa kawaida wa hukumu, anaweza kujikuta ameyaingiza katika fungu la wadai kwa ombi lake mwenyewe. Ushauri wa wakili kabla ya kuwasilisha ombi hilo ni wa lazima.

Kinga iliyo imara zaidi ni ridhaa ya mwenzi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mume au mke kuuza, kugawa, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja tu. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inaongeza kwamba rehani ya nyumba ya ndoa ni halali pale tu mwenzi au wenzi wanaoishi katika nyumba hiyo wametia saini au kuna ushahidi kwamba wameridhia. Neno “wenzi” lina uzito katika familia zenye mke zaidi ya mmoja: mke anayeishi katika nyumba inayowekwa rehani ndiye anayepaswa kuulizwa, na saini ya mke wa mji mwingine haitoshi.

Mkopeshaji naye ana wajibu wa kuchukua hatua za kuridhisha ili kujua kama mwombaji ana mwenzi. Mwombaji anayeapa kwa uongo kwamba hana ndoa anatenda kosa la jinai. Kwa wanaoishi pamoja bila cheti, hali ya kawaida katika makazi ya migodini, Sheria ya Ndoa inaruhusu kudhaniwa kwamba ni wanandoa iwapo wameishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi na kutambulika hivyo na jamii, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Mwenzi mwenye wasiwasi anaweza kuweka zuio kwa Msajili wa Hati ikiwa ardhi imesajiliwa. Asisubiri tangazo la mnada.

Mkopo ukishindwa kulipika, mkopeshaji mwenye rehani hapaswi kuuza siku inayofuata. Sheria ya Ardhi inamtaka atoe notisi ya maandishi inayoeleza deni, na mdaiwa hupewa siku 60 tangu aipokee. Mnada wa ardhi nao hutanguliwa na tangazo la hadhara la siku zisizopungua 14. Sheria ya Madalali, iliyotungwa zama nyingine, inataka tangazo hilo liwe kwa Kiswahili na Kiingereza na litolewe hata kwa mlio wa ngoma, ili asiyejua kusoma naye apate habari. Muuzaji anawajibika kutafuta bei bora inayopatikana. Bei iliyo chini ya wastani wa soko kwa asilimia 25 au zaidi huipa mahakama sababu ya kudhani kwamba wajibu huo haukutimizwa. Anayeona taratibu hizi zimekiukwa afungue shauri katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya au Mahakama Kuu, ambayo ina masjala Shinyanga, kabla nyundo haijagongwa. Kurejesha nyumba iliyokwisha kununuliwa na mtu mwenye nia njema ni kazi ngumu mno.

Hatari kubwa zaidi hata hivyo imo nje ya benki. Baadhi ya watoa mikopo inayoitwa “kausha damu” humsainisha mkopaji karatasi ya mauziano ya nyumba badala ya mkataba wa mkopo. Mkopaji akichelewa, mkopeshaji hudai kwamba alinunua, na mzigo wa kuthibitisha kwamba ulikuwa mkopo humwangukia mwenye nyumba. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, biashara ya kukopesha inahitaji leseni. Mkopaji aombe kuiona, asome mkataba wote, abaki na nakala, na asitie saini hati ya mauziano kwa fedha ambazo ni mkopo.

Wapo pia wanaohamisha nyumba kwa jina la ndugu mara deni linapokaribia. Njia hiyo haisaidii: uhamisho wa bure uliofanywa kuwakwepa wadai unaweza kubatilishwa, na mdaiwa hupoteza imani ya mahakama.

Kwa mwenye kipato kinachorejea, makubaliano ya maandishi ya kupanga upya marejesho huwa na gharama ndogo kuliko ufilisi, ambao pia humzuia mtu kuwa mkurugenzi wa kampuni bila idhini ya mahakama. Asiyemudu wakili anaweza kupata huduma bila malipo chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, kupitia wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa. Aende na mkataba wa mkopo, risiti za marejesho, notisi yoyote aliyopokea, hati au karatasi ya umiliki, na cheti cha ndoa kama kipo.