Raleigh ya Baba na Nyuzi 26

Nyumbani kwetu Magomeni kuna stoo ambayo kwa zaidi ya miaka ishirini ilihifadhi mkaa, ndoo zilizotoboka na baiskeli moja ya mashindano. Ni Raleigh, yenye gia kumi na usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Baba aliinunua mwaka 1974 alipokuwa masomoni Nottingham, Uingereza, akarudi nayo Dar es Salaam. Aliiendesha mpaka goti lilipomkatalia. Mwaka jana nikaamua kuifufua.

Nia yangu ilikuwa moja tu: irudi kama ilivyotoka dukani, kila parafujo mahali pake, kisha niitundike sebuleni wageni waitazame. Baba, ambaye sasa ana miaka themanini, alinisikiliza mpaka mwisho ndipo akaniuliza, "Mwanangu, unataka baiskeli au unataka picha?"

Sikuwa na jibu. Basi nikaanza kuuliza huku na huku juu ya historia ya chuma kile, na leo napenda tuizungumze.

Mwaka 1887 tajiri mmoja aitwaye Frank Bowden alitia fedha zake katika karakana ndogo ya baiskeli iliyokuwa Mtaa wa Raleigh, mjini Nottingham. Mwishoni mwa mwaka uliofuata ikaundwa kampuni iliyochukua jina la mtaa huo. Kufikia mwaka 1951 kiwanda hicho kilikuwa kikitoa zaidi ya baiskeli 1,000,000 kwa mwaka, na nyingi zilipakiwa melini kwenda ng'ambo. Wazee wetu wanazikumbuka: nyeusi, nzito, zenye breki za fito. Kampuni ilikuwa na tangazo lililomwonyesha Mwafrika juu ya baiskeli akimkimbia simba. Mimi sijapata kukutana na mtu aliyenunua baiskeli kwa sababu ya simba. Walionunua walikuwa na mkaa wa kubeba, au samaki, au mke mjamzito wa kufikisha zahanati.

Lakini Raleigh ya baba ni ya ukoo mwingine. Chini ya tandiko ina kibandiko, sasa kimefifia, kinachosema Reynolds 531. Reynolds walikuwa watu wa Birmingham, watengenezaji wa misumari, ambao mwaka 1897 walipata hataza ya bomba lenye kuta nene kwenye ncha na nyembamba katikati. Mwaka 1935 wakatoa chuma kilichochanganywa na manganizi na molibdenamu, wakakipa namba hiyo 531. Kilikuwa chepesi na kigumu kiasi kwamba hata gari la Jaguar E-Type la mwaka 1961 lilitumia mabomba yake katika fremu ya mbele. Nisije nikajisifu kupita kiasi: ya baba ni ya daraja la kati. Mabomba yake matatu makubwa ndiyo 531, na unene wake ni ule ule mwanzo hadi mwisho.

Mabomba ya namna hiyo hayakupenda moto mkali. Yalichomekwa katika viungio, kisha shaba iliyoyeyushwa ikapenya katikati yake, kwa joto lisilofika la kuyeyusha chuma chenyewe. Kwa hiyo bomba likipinda au likiliwa na kutu, fundi mjuzi anaweza kulitoa na kutia jingine.

Nilianza kuifungua nikiwa na daftari, niandike kila kifaa nisije nikapoteza uasilia. Ndipo daftari likanisuta. Breki zilikuwa za kampuni ya Uswisi. Kile kidude kinachohamisha mnyororo kutoka gia moja hadi nyingine kilikuwa cha Ufaransa. Tandiko la ngozi lilitoka Brooks wa Birmingham, na mabomba, kama nilivyosema, ni ya Birmingham vilevile. Nottingham walifanya fremu na baadhi ya vyuma, vingine wakaagiza kwa wengine wakavifunga, kama afanyavyo fundi wangu pale chini ya mwarobaini na maduka ya Kariakoo. Sasa huo uasilia niliokuwa nikiulinda ulikuwa wa nani?

Fundi wangu huyo ni kijana, lakini mkono wake mzee. Tulipofika chini, pale ekseli ya pedali inapopita ndani ya fremu, nilimwona msaidizi wake akikaza spana huku akidhani anafungua. Kikombe cha upande wa kulia katika baiskeli za Kiingereza hufunguliwa kwa kuzungushia kulia, kinyume cha mazoea. Wengi wameharibu fremu nzuri kwa kutolijua hilo tu.

Kosa lililofuata lilikuwa langu mwenyewe. Nilikwenda mjini nikanunua vikombe vipya vya kipimo cha Kiingereza, nyuzi 24 katika kila inchi. Kikaingia mizunguko miwili kikagoma. Nikaomba spana ndefu zaidi. Fundi akanishika mkono, "Kaka, usilazimishe." Akachukua kikombe cha zamani, akakilaza nyuzi kwa nyuzi juu ya kile kipya mbele ya jua, tukaona mwanga ukipita kati yake. Fremu zilizotoka Nottingham enzi zile zilikatwa nyuzi 26. Kiwanda kilikuwa kikubwa hata kikaweza kuwa na kipimo chake, na wakati ule vipuri vyake vilipatikana kila mahali, kwa hiyo hapakuwa na shida.

Shida ilikuja baadaye. Utengenezaji wa fremu pale Nottingham ulikoma mwaka 1999, na mwaka 2002 kiwanda kikafungwa. Jina la Raleigh bado linauzwa, lakini sehemu ya eneo lile sasa ni majengo ya chuo kikuu. Nilipomwonyesha baba picha zake alizitazama muda mrefu akitafuta lango alilolijua, hakuliona.

Tukafanya hivi: vikombe vya zamani vikasafishwa kwa mafuta ya taa, vikarudishwa; ekseli tukatia mpya, na gololi mpya 22, kumi na moja kila upande, na grisi ya kutosha.

Kwenye magurudumu ndipo mimi na baba tulipobishana kweli. Rimu zilikuwa za chuma chenye kromi, za inchi 27, zinang'aa bado. Nilitaka zibaki. Baba akasema, "Masika ikinyesha, hizo unashika breki leo unasimama kesho." Na ni kweli, rimu za chuma za kiwanda chochote zikilowa maji hazishikiki. Za alumini za siku hizi ni ndogo kidogo, milimita 622 mahali tairi linapokaa badala ya 630. Tofauti ni milimita nne kwenda chini kila upande, nazo breki zile za Uswisi zilikuwa na nafasi ya kuzishusha raba zake kiasi hicho. Gurudumu la nyuma ndilo lililotaka ujasiri. Gia zimeongezeka miaka hii, ekseli imerefuka. Fremu ya baba ilikuwa na nafasi ya milimita 120, gurudumu jipya lilitaka 130. Fundi akaipanua kidogo kidogo kwa chuma chenye nyuzi na nati mbili, milimita tano kila upande. Kisha akavuta uzi wa kushonea kutoka mguu mmoja wa nyuma, akauzungusha mbele kwenye shingo ya fremu, akaurudisha mguu wa pili, akapima kama uko mbali sawasawa na bomba la tandiko kulia na kushoto. Chuma kinakubali kazi hiyo. Fremu ya alumini au ya kaboni usiijaribie, itakatika.

Rangi sikuigusa. Nilipitisha msasa laini penye kutu tu, nikapaka vanishi.

Siku ya kuitoa baba aliinyanyua kwa mkono mmoja, akazungusha gurudumu la mbele, akalisikiliza kama daktari. Hakuipanda. Mimi ndimi niliyekwenda nayo mpaka Ubungo na kurudi, mvua ya rasharasha ikininyeshea, nikasimama kila niliposhika breki.

Rimu za zamani bado zipo. Nilizifunga vizuri kwenye gunia niziweke stoo, lakini wajukuu wa baba wamezipata, na jioni huzisukuma kwa vijiti uani, babu akiwa kwenye mkeka anahesabu nani ameanguka.