Mfalme George wa Sita: kiongozi asiye na amri wakati wa vita

Mfalme George wa Sita alitawala Uingereza tangu tarehe 11 Desemba 1936 mpaka tarehe 6 Februari 1952. Katika miaka hiyo 15, karibu miaka sita ilikuwa ya Vita vya Pili vya Dunia. Hakuwa mfalme wetu. Hapa Kamina, kama katika Kongo yote, wazee wetu waliwekwa chini ya mfalme wa Wabelgiji, Leopold wa Tatu. Lakini vita viliziunganisha nchi hizi. Shaba ya Katanga ilikwenda kwa Waingereza, na askari wa Kongo walipigana upande mmoja na askari wa Mfalme George.

Tunaandika habari zake kwa sababu makutaniko yetu ya mashariki yanaijua vita. Kwa desturi ya Uingereza, mfalme haamuru jeshi wala haongozi serikali. Kazi hizo ni za mawaziri. Basi kiongozi asiye na bunduki wala amri anaweza kufanya nini vita inapofika mlangoni? Wachungaji na wazee wa kanisa wengi wamejiuliza swali hilo hilo.

Mtoto mwenye kigugumizi

Alizaliwa Sandringham tarehe 14 Desemba 1895, akaitwa Albert. Nyumbani walimwita Bertie. Alikuwa mtoto wa pili wa kiume, kwa hiyo hakuna aliyemtayarisha kuwa mfalme. Tangu utoto alikuwa na kigugumizi. Neno lilimkwama kooni mbele ya watu, naye aliona haya sana.

Alipokuwa kijana aliingia jeshi la majini. Mwaka 1916, akiwa na miaka 20, alikuwa ndani ya meli ya HMS Collingwood katika mapigano makubwa ya Jutland. Mwaka 1923 alimwoa Elizabeth Bowes-Lyon. Mwishoni mwa 1924 hao wawili walikuja Afrika Mashariki, wakatembea Kenya na Uganda, kisha wakapitia Sudan.

Mwaka 1925 alipewa kazi ya kutoa hotuba katika uwanja wa Wembley, London, na hotuba ile ilikuwa mateso kwake na kwa waliomsikiliza. Mwaka uliofuata alianza kujifunza kwa Lionel Logue, mtu wa Australia, aliyemfundisha kuvuta pumzi na kupanga maneno. Kigugumizi hakikuisha kabisa. Alijifunza kusema pamoja nacho. Sisi tunaosoma habari za Musa na ulimi wake mzito tunaielewa hali hiyo.

Kiti ambacho hakukitazamia

Baba yake, George wa Tano, alikufa Januari 1936. Kaka yake mkubwa, Edward wa Nane, alitawala kwa muda usiofika mwaka mmoja, akaacha kiti ili amwoe mwanamke aliyekuwa ameachika, jambo ambalo serikali na Kanisa la Uingereza hawakulikubali. Albert akarithi, akachagua jina la baba yake, akatiwa taji tarehe 12 Mei 1937.

Mwanzo wake haukuwa bila makosa. Mwaka 1938 Waziri Mkuu Neville Chamberlain alirudi kutoka Munich na mapatano yaliyompa Hitler sehemu ya nchi ya Czechoslovakia. Mfalme alimsimamisha Chamberlain pamoja naye kwenye roshani ya jumba lake ili watu wamshangilie. Haukupita mwaka, vita vikaanza. Tena, Mei 1940 Chamberlain alipojiuzulu, Mfalme alipendelea Lord Halifax ashike nafasi hiyo, si Winston Churchill. Lakini Churchill alipopata kazi, Mfalme aliacha mapendeleo yake. Wakawa wanakula pamoja kila Jumanne, wawili peke yao, wakiongea habari za vita. Kujua kwamba ulikosea juu ya mtu, kisha kumsaidia kwa moyo wote, ni sehemu ya uongozi.

Mei 1940: wafalme wawili

Mwezi ule jeshi la Ujerumani liliingia Uholanzi, Ubelgiji na Ufaransa. Mfalme Leopold wa Tatu, aliyekuwa mkuu wa jeshi la Ubelgiji, alimwandikia George barua akimweleza kwamba angebaki na askari wake. Tarehe 28 Mei alisalimu amri, akawa mfungwa wa Wajerumani katika jumba lake la Laeken. Mawaziri wake hawakukubaliana naye. Wao walitoka nchini, na mwishowe wakaweka serikali yao London. Huku Kongo, Gavana Mkuu Pierre Ryckmans alitangaza kwamba koloni iko upande wa Waingereza.

Ni vigumu kumhukumu Leopold kwa neno moja. Yeye pia alisema anabaki na watu wake. Lakini kwa kusalimu amri alitengana na serikali yake, na Wabelgiji wakagawanyika juu yake. Aliporudi nchini mwaka 1950 kulitokea ghasia na watu wakafa, na Julai 1951 alimwachia mwanawe Baudouin kiti. George alibaki akiwa huru na akiwa pamoja na serikali yake. Kubaki peke yake hakutoshi. Watu huuliza pia mtu amebaki kufanya nini, na pamoja na nani.

Katika siku hizo hizo Mfalme George aliita taifa lake lote kwenye siku ya maombi, Jumapili tarehe 26 Mei 1940. Makanisa yalijaa. Siku hiyo hiyo ilianza kazi ya kuwaokoa askari waliozingirwa kwenye pwani ya Dunkirk. Mpaka tarehe 4 Juni, zaidi ya askari 338,000 walikuwa wamevushwa kwa meli na mashua, hata za wavuvi. Waumini wengi waliona hapo mkono wa Mungu. Wanahistoria hutaja pia bahari iliyotulia na amri ya Wajerumani ya kusimamisha vifaru vyao kwa siku chache.

Mabomu juu ya London

Tangu tarehe 7 Septemba 1940 ndege za Ujerumani zilipiga London usiku baada ya usiku. Mpaka Mei 1941, raia zaidi ya 40,000 walikuwa wamekufa nchini. Wengine walishauri familia ya kifalme ipelekwe Kanada. Haikwenda. Mfalme na mkewe walifanya kazi London mchana, na usiku mara nyingi walilala Windsor, walipokuwa binti zao.

Tarehe 13 Septemba mabomu yaliangukia jumba lao la Buckingham wao wakiwa ndani, na kanisa dogo la jumba likabomolewa. Kuanzia hapo walipotembelea mitaa ya maskini ya mashariki ya London, walikwenda kama watu ambao nao nyumba yao imepigwa. Mji wa Coventry ulipoteketezwa usiku wa tarehe 14 Novemba, Mfalme alifika tarehe 16, akatembea kati ya vifusi.

Chakula cha jumba kilipimwa kwa kadi kama cha raia. Bi Eleanor Roosevelt, mke wa Rais wa Marekani, alipokuwa mgeni wao mwaka 1942, alikuta vyumba baridi na mstari uliochorwa ndani ya bafu kuonyesha mwisho wa maji ya moto. Agosti mwaka huo huo, mdogo wake Mfalme, George wa Kent, alikufa katika ajali ya ndege ya jeshi.

Mwaka 1940 Mfalme aliweka nishani ya Msalaba wa George kwa ajili ya ushujaa, hasa wa raia. Aprili 1942 aliipa nchi nzima ya Malta, kisiwa kilichokuwa kikipigwa mabomu daima, na Juni 1943 alisafiri kwa meli kukitembelea.

Mzigo wa Waafrika

Habari hii isingekamilika kama ingeishia London. Jeshi la Waingereza katika Afrika Mashariki liliitwa King's African Rifles, yaani bunduki za Kiafrika za Mfalme, na watu waliliita Keya. Waafrika wa Mashariki zaidi ya 250,000 walitumika katika vita hivyo. Walipigana Ethiopia, Madagaska na Burma. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa, ilizamishwa katika Bahari ya Hindi, wakafa watu karibu 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Askari wa Kongo, wa jeshi la Force Publique, waliingia Ethiopia mwaka 1941 kupigana na Waitalia. Waliteka Asosa na Gambela, na Julai jenerali wa Kiitalia Gazzera akasalimu amri kwao huko Saio. Wakongo wengine walitumika katika hospitali ya kijeshi iliyofika mpaka Burma.

Nyumbani, Januari 1941 Uingereza na serikali ya Ubelgiji iliyokuwa London zilipatana juu ya mali ya Kongo. Shaba, bati na mafuta ya mawese yakatakiwa kwa wingi. Vijijini, siku za kazi ya lazima ziliongezwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka, na watu wakarudishwa msituni kutafuta mpira. Desemba 1941 wafanyakazi wa migodi Élisabethville, leo Lubumbashi, waligoma wakidai mshahara unaofaa. Askari waliwapiga risasi, na kiongozi wao Léonard Mpoyo akauawa pamoja na wengine wengi.

Mfalme George hakutoa amri hizo za Kongo. Lakini vita alivyoviongoza kwa jina lake vililiwa pia na jasho hilo. London, aliyeteseka alitembelewa na mfalme. Mgomaji wa Élisabethville na mkata mpira wa kijijini hawakutembelewa na yeyote.

Mwisho wake

Tarehe 8 Mei 1945 umati ulimshangilia Mfalme mbele ya jumba lake. Lakini afya yake ilikuwa imechoka, na alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara. Septemba 1951 aliondolewa pafu moja. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952 alikufa usingizini, akiwa na miaka 56. Binti yake Elizabeth alikuwa Kenya, karibu na Nyeri, na huko ndiko alikopata habari kwamba baba amekufa na kwamba yeye ni malkia.

Tunalochukua

Katika maisha ya George tunaona mtu ambaye hakuomba kazi, hakuwa na ufasaha, alikosea, na bado alibaki, akala walichokula watu na kufika walipolia. Mchungaji wa kutaniko lililopigwa na vita hawezi kusimamisha bunduki. Kubaki, kushiriki na kufika anaweza. Na akumbuke kujiuliza: ni nani katika kundi langu anayebeba mzigo wa watu wote, lakini hatembelewi?

Juni 2022, mjini Kinshasa, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvika nishani koplo Albert Kunyuku, mzee wa miaka 100 aliyetumika Burma. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka 75. Wengine wengi walikufa bila kuitwa kwa jina. Kama katika familia yenu kulikuwa na mzee aliyekwenda Ethiopia au Burma, au aliyelazimishwa kukata mpira, waulizeni wanaomkumbuka wakiwa bado hai, muandike jina lake katika kitabu cha kutaniko.