Kwa nini simu ya tochi haijaondoka Masisi na Walikale

Mjini Goma, vijana wengi wanatembea na simu kubwa za kugusa kioo. Lakini ukipanda kuelekea Nyabiondo, Kitshanga na Pinga, au ukifuata barabara ya Walikale hadi Mubi, utakuta simu ndogo ya vitufe, ile yenye tochi, ingali mfukoni mwa mkulima, mama muuza ndizi, motari na chifu wa kijiji. Wengi husema ni umaskini tu. Ni kweli kwamba bei inahesabika. Lakini historia ya wilaya hizi mbili inaonyesha sababu nyingine: hii ndiyo simu inayosema pale rezo ni kidogo, umeme hakuna, na watu wako njiani wanakimbia.

Kabla ya simu, kulikuwa na foni. Hiyo ni redio ya mawimbi mafupi iliyowekwa kwenye parokia, kwenye hospitali na kwa wafanyabiashara. Mtu aliyetaka kuzungumza na ndugu yake wa Goma au Bukavu alipanga foleni, akalipa, kisha akasema mambo yake huku wote waliokuwa kwenye mawimbi yale wakimsikia. Siri haikuwepo. Habari ya msiba na habari ya bei ya maharagwe zilipita njia moja.

Simu ya mkononi ilikuwa imefika nchini zamani, tangu kampuni ya Telecel ya Miko Rwayitare ilipoanza kazi Kinshasa katika miaka ya 1980. Ila ilikuwa simu ya mawaziri na matajiri, chombo kimoja kikigharimu maelfu ya dola. Mambo yalibadilika Celtel ilipoingia Kongo mwaka 2000, na Vodacom mwaka 2002. Antena zilisimama kwanza mijini, kisha polepole zikapanda milimani. Mwaka 2003 Nokia ilitoa simu ya 1100, yenye tochi na vitufe visivyoingiza vumbi kwa urahisi. Iliuzwa zaidi ya milioni 200 duniani. Watanzania waliziita simu za namna hiyo kitochi, na Wakenya wakaziita mulika mwizi. Baadaye zilikuja Tecno na itel, zenye nafasi ya laini mbili, na hilo lilifaa sana mahali ambapo kampuni moja inashika kilima hiki na nyingine inashika kile.

Wakaaji walijifunza haraka. Walijua ni jiwe gani la kusimama juu yake ili kushika rezo. Walijua kubipu: mlio mmoja maana yake nimefika, miwili maana yake nipigie. Yuniti chache zilitosha wiki nzima.

Lakini palipokosa rezo, watu walilipa kwa damu. Tangu tarehe 30 Julai hadi 2 Agosti 2010, watu wenye silaha walivamia Luvungi na vijiji vya jirani, kwenye barabara kati ya Kibua na Mpofi, wilayani Walikale. Zaidi ya watu 300 walibakwa, wengi wao wanawake. Walinda amani wa MONUSCO walikuwa Kibua, umbali wa kilomita 30 hivi, lakini vijiji vile havikuwa na mtandao wa simu. Siku kadhaa zilipita kabla ukubwa wa maovu haujajulikana. Mwezi Septemba, Atul Khare wa Umoja wa Mataifa alikiri mbele ya Baraza la Usalama kwamba kazi ya kuwalinda raia haikutosha, na mawasiliano ya vijiji yakawa miongoni mwa mambo yaliyozungumziwa. Katika miaka iliyofuata, MONUSCO ilipanua mitandao ya tahadhari: viongozi wa vijiji walipewa simu na namba za kupigia hatari inapokaribia. Kazi hiyo haikuhitaji kioo cha kugusa. Ilihitaji betri yenye moto, rezo kidogo, na mtu wa kuitikia upande wa pili.

Hapo ndipo nguvu ya simu ndogo inapoonekana. Kioo kikubwa na intaneti vinakula betri. Simu ya vitufe hukaa siku kadhaa bila kuchajiwa. Huko ambako watu huchaji kwa sola ya jirani au jenereta ya sokoni, na kulipa franga kila mara, tofauti hiyo ni kubwa. Tena, inatumia mtandao wa 2G, na ujumbe mfupi hupita hata pale sauti inapokatika. M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na kufika Kongo mwaka 2012, inafanya kazi kwa kubonyeza namba tu, bila intaneti. Na redio ya FM imo ndani yake: habari zinasikika bila kutumia yuniti hata moja.

Hata hivyo, simu hizi zote mbili zina deni moja kwa wilaya hizi. Koltani ya Rubaya, Masisi, hutoa tantali inayotumika katika vifaa vya ndani ya simu. Kasiterite ya Bisie, Walikale, hutoa bati linalounganisha vipande vyake. Mchimbaji anayebeba mawe hayo mgongoni mara nyingi hana hata simu ya tochi iliyo nzima. Na serikali ilipoleta kodi ya RAM mwaka 2020, yuniti zilikatwa kwenye simu ndogo pia, ingawa kidogo kuliko kwenye simu za 3G na 4G. Raia walilalamika hadi ikafutwa mwaka 2022.

Vita vya karibuni vimeongeza thamani ya simu hiyo. Rubaya ilichukuliwa na M23 mwishoni mwa Aprili 2024, Masisi-centre mwanzoni mwa Januari 2025, Goma mwishoni mwa mwezi huohuo, na Walikale-centre ilikaliwa kwa majuma machache kuanzia Machi 2025. Familia zilitawanyika: baba Walikale, mama Goma, watoto kwa shangazi Minova. Kambi zilizozunguka Goma zilipobomolewa, anwani zilipotea. Kilichobaki ni namba. Simu kubwa humvutia mwizi njiani, na picha zilizomo humletea mwenyewe maswali kwenye kizuizi. Ndogo hufichwa kwenye nguo za mtoto.

Ina upungufu wake. Haionyeshi picha, na uvumi ulioandikwa kwa SMS hauna njia ya kuchunguzwa. Ikipotea pamoja na laini, namba zote za ndugu zinapotea nayo. Ndiyo maana wazee wengi bado wanaandika namba kwenye daftari, nao vijana wafanye hivyo, hata wenye simu kubwa. Mama aliyekimbia Masisi na namba tatu kichwani ana njia tatu za kutafuta watu wake. Antena ikizimika, hata simu ya bei ghali haimsaidii. Ikiwaka, ya tochi inatosha kuuliza: mko wapi, mko wangapi, mumekula?