Wijeti za muktadha: siku kihisi kilipofichwa nyuma ya pazia

Ukiandika programu ya simu siku hizi na unataka kujua kama mwenye simu anatembea au ameketi, huna haja ya kujua ni kampuni gani iliyounda kihisi kilichomo ndani. Unauliza, unajibiwa. Raha hii ina historia yake, na wengi wetu tunaoifaidi hatuijui.

Tuanzie Cambridge, Uingereza. Kati ya 1989 na 1992, Roy Want, Andy Hopper na wenzao kwenye maabara ya Olivetti waliunda Active Badge, beji ya kifuani iliyotuma alama yake kwa infraredi kila sekunde 15. Vipokezi vilivyotundikwa ofisini viliisoma, na mpokea simu akajua amtafute fulani chumba gani. Mwaka 1994 Bill Schilit na Marvin Theimer wakawapa watafiti jina la kazi ya aina hii: programu zinazotambua muktadha.

Jina lilipatikana, lakini shida ilibaki. Kila aliyetaka programu kama hiyo aliandika mwenyewe msimbo wa kusoma kihisi chake, akauchanganya na programu yenyewe. Badilisha kihisi, uandike upya. (Aliyewahi kurithi msimbo wa mtu mwingine anajua uchungu huo.)

Mwaka 1999, Daniel Salber, Anind Dey na Gregory Abowd wa Georgia Tech, Marekani, wakaleta Context Toolkit. Wazo lao walilichota mahali ambapo kila mwanaprogramu amepita: kwenye vitufe na menyu za skrini. Programu haijali kama kitufe kimebonyezwa kwa kipanya au kwa kibodi. Inaambiwa tu "kimebonyezwa". Basi, wakasema, kihisi nacho kifanyiwe wijeti. Wijeti ya kuwepo kwa mtu hutangaza mambo mawili, kwamba fulani amefika au fulani ameondoka, pamoja na mahali na saa. Iwe ni beji, iwe ni kitufe cha chuma cha iButton kinachogusishwa mlangoni, programu inayoonyesha nani yuko ofisini haiguswi.

Hapo ndipo mfanano unapoisha, na kwangu ndiko kwenye utamu. Kitufe cha skrini huzaliwa na kufa na programu yake. Wijeti ya muktadha huishi peke yake: programu nyingi hujisajili kwake, zikizimwa yenyewe inaendelea kukusanya, na inahifadhi kumbukumbu. Kando yake kuna vifasiri, vinavyogeuza data ghafi kuwa maana, na vijumlishi, vinavyokusanya habari zote za mtu mmoja. Vyote viliongea kwa XML juu ya HTTP.

Sasa fikiria: kijumlishi kinachojua ulifika saa ngapi, uliondoka lini, ulikuwa na nani. Kwa mwanaprogramu ni urahisi mtupu. Kwa mfanyakazi mwenye bosi mkali ni jambo jingine kabisa, na kadiri kipande kinavyotumika tena kirahisi, ndivyo mtu mwingine anavyoweza kujisajili kirahisi.

Simu ya kwanza ya Android ilipotoka 2008, ilikuja na sehemu ya kuficha vihisi, lakini vifasiri havikuwemo: ulipewa namba za mchapuko, hesabu ujifanyie. Kifasiri cha kutambua kutembea, kuendesha baiskeli au kuendesha gari Google ilikitoa 2013, ndani ya Google Play Services.